Foleni ya Mtu Mmoja

Kama kuna jambo ambalo Raili Niskala hakulitaka duniani, ni kwenda kwa mtu asiyemjua akamuulize kitu. Kwetu Kemi, huko juu kabisa Ufini, hilo si ajabu, karibu sote tuko hivyo. Lakini Raili alizidi. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, akilisha mashuka mashine ya pasi yenye upana wa kitanda cha watu wawili, na aliipenda kazi ile kwa sababu mashine ilivuma mno hata hakuna aliyeweza kumsemesha. Aliwahi kuolewa, kwa miaka minne. Hata talaka waliizungumza jikoni kwa dakika chache, wakamaliza, mume akabeba redio yake akaenda zake.

Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke Uhispania peke yake, na Kihispania chake chote ni sentensi tano alizozipata kwenye kaseti ya maktaba! Kaseti ilikuwa na masomo kumi na mawili, Raili akaishia la nne. Aliweza kusema habari za asubuhi, asante, naomba kahawa moja, stesheni iko wapi, na chumba changu hakina taulo. Basi. Na hiyo ya taulo ndiyo aliyoitamka vizuri kuliko zote.

Kilichompeleka ni barua. Kaka yake pekee, Taisto, aliondoka Kemi mwaka sabini na nne akiwa fundi wa injini za meli. Akashuka meli kwenye bandari fulani ya kusini, akapanda milimani, akaishia kutengeneza mashine za kukamulia mafuta ya zeituni katika mji mdogo uitwao Villareja. Kwa nini, hakueleza. Kila Krismasi alipiga simu. Waliulizana hali ya hewa, wakanyamaza kidogo, wakaagana. Mwaka themanini na saba moyo ukamsimama, na habari zilipofika Kemi wenyeji walikuwa wameshauchoma mwili na kuyaweka majivu kwenye chungu, na chungu wamekiweka kwenye shubaka la ukuta wa makaburini. Kule shubaka hukodishwa kwa miaka kumi.

Miaka kumi hiyo ilikuwa inaisha. Mwalimu mmoja wa Kihispania, wa masomo ya jioni, alimfasiria Raili barua yote, tena akamwandikia juu ya kila neno maana yake: ndugu wa marehemu afike mwenyewe kwenye ofisi ya mji wa Villareja, kabla ya Ijumaa tarehe kumi na nne Machi, saa nane mchana, atie sahihi. Ama aongeze muda, ama amwondoe marehemu wake. Asipotokea mtu, majivu yatamwagwa kwenye shimo la wote, pamoja na ya wale wasio na wenyewe.

Raili hakutaka kuongeza muda. Alitaka kumchukua. Kwenye kaburi la wazazi wao, chini ya misonobari, zilibaki nafasi mbili, na yeye hakuwa na mtoto wala mume wa kumweka pale. Mkesha wa Krismasi kila kaburi la Kemi huwashiwa mshumaa, na waliozikwa mbali wana jiwe lao moja la wote karibu na lango. Mara kumi Raili alikuwa amepiga magoti kwenye theluji mbele ya jiwe lile, akibanana na mishumaa ya watu baki, akitafuta pa kuuchomeka wa kaka yake, na mara zote kumi alichukia. Alitaka Taisto alale mahali panapojulikana, kando yao. Akaomba likizo ya siku tano kazini. Msimamizi hakuuliza sababu, naye hakuitoa.

Treni, ndege, hayo yalipita salama. Shida ilianzia kwenye basi la kupandia milimani. Basi lilikuwa na viti arobaini na abiria watano. Raili alichagua kiti cha nyuma karibu na dirisha, akaweka mkoba pembeni yake ili ieleweke. Akapanda mama mmoja mnene na kikapu cha mboga, akaviangalia viti vyote vile vitupu, halafu akaja moja kwa moja, akausogeza mkoba wa Raili na kuketi. Hivi huyu ni mzima kweli? Kwetu mtu akikukalia hivyo basi lote litajua kuna jambo. Mama yule aliongea saa mbili bila kumeza mate, mkono wake mmoja ukiwa juu ya goti la Raili. Raili akamwambia asante, akidhani itamaliza maneno. Wapi! Ikawa kama amemwagia petroli moto.

Alipofika akatafuta chakula saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mtu mwenye akili anakula, akakuta jikoni zote zimefungwa. Mpaka saa tatu usiku, walimwonyesha kwa vidole. Akala biskuti kitandani akiwa amenuna. Taulo, angalau, ilikuwepo.

Ijumaa asubuhi, saa tatu na robo, alikuwa ndani ya ofisi ya mji. Korido ndefu ya vigae, madirisha yakitazama ua wenye michungwa, mabenchi pande zote mbili, na mwisho wa korido mlango wa kioo kisichopitisha macho. Watu sita walikuwa wamezagaa huku na huko. Wawili wanavuta sigara uani, mmoja anafuma, watatu wanabishana kwa sauti ambayo Kemi ingeita polisi. Raili akatafuta kimashine cha kutoa namba. Hakipo. Akatafuta mstari sakafuni. Haupo. Akatafuta mtu aliyesimama nyuma ya mtu mwingine. Hakuna.

Basi foleni akaianzisha yeye. Alisimama mbele ya mlango, hatua mbili kamili kutoka kwenye kioo ili asionekane anachungulia mambo ya watu, mgongo wima, barua mkononi. Alijisikia vizuri. Wengine, alidhani, wakimwona watajipanga.

Mlango ukafunguka, mzee mmoja akatoka, na yule mama wa kufuma akazikunja nyuzi zake, akainuka benchini, akampita Raili kwa tabasamu na kuingia.

Raili alidhani labda huyo aliitwa kwa miadi. Wa pili alipoingia akadhani labda ni ndugu wa karani. Wa tatu alipompita, akakohoa. Wa nne akakohoa mara mbili, na kwetu kukohoa mara mbili mgongoni kwa mtu ni tusi. Wa tano alimtazama Raili kwa huruma na kumpa peremende.

Hebu niwaeleze, maana Raili hakuwa na wa kumweleza. Villareja hawasimami mstari. Anayeingia huuliza kwa sauti ni nani wa mwisho, na aliye wa mwisho huinua mkono. Imekwisha. Umeshajua unamfuata nani, ukitaka kaa, ukitaka nenda ukanunue samaki, ukirudi nafasi yako iko pale pale, na hakuna wa kuigusa. Asiyeuliza hayumo. Raili aliwaona wanaingia, wanapaza sauti, mkono unainuliwa, akaona ni salamu tu za watu wanaopenda kelele. Kila aliyeingia na kuita alijibiwa na mtu wa benchini. Yeye naye aliitikia kwa adabu, habari za asubuhi, akaendelea kusimama. Wao walidhani anamngoja mtu aliyeingia ndani, au ni mgeni anayeshangaa vigae.

Saa nne. Saa tano. Miguu ikaanza kumwaka moto. Mzee mmoja mwenye fimbo na koti la kahawia, Eufrasio jina lake, mkamuaji wa mafuta aliyestaafu, alimvutia kiti. Raili alitikisa kichwa kwa hasira. Akae, halafu nani atajua kuwa yuko kwenye foleni? Mwanamke mwenye faili la kijani, Fuensanta, mwenye duka la mikate pale mtaani, aliingia, akapaza sauti, akatoka, akarudi na chungwa, akalimenya polepole huku anacheka na wenzake. Raili alimchukia yule kuliko wote. Alimchukia hadi namna alivyozitema mbegu kwenye kiganja.

Mtaniuliza, kwa nini hakusukuma mlango akaingia? Ndiyo nawaambia, hammjui mtu wa Kemi. Sisi tungoje mpaka tufe, lakini kumpita aliye mbele yetu, hapana. Na kusema, kwa lugha gani? Stesheni iko wapi? Alichoweza ni kuangalia saa yake kwa namna ya kuonekana, kuvuta pumzi kwa sauti, na kusogea nusu hatua. Kwao hao ilikuwa sawa na kutofanya kitu. Saa sita akala ile peremende, kwa chuki. Saa saba akahesabu dakika zilizobaki. Alikuwa ameanza kuliona lile shimo.

Saa saba na dakika arobaini mlango ukafunguka na karani mwenyewe akatoka, mwanamume mwembamba, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Akatazama mabenchini, siyo pale Raili alipo, akainua vidole viwili. Wawili tu, kisha anafunga. Fuensanta akasimama na faili lake. Mwanamume mwenye kofia naye akasimama nyuma yake, wa pili.

Hapo Raili Niskala, ambaye hakuna mtu Kemi aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, alipandwa na mori.

"Simama hapo hapo," alisema kwa Kifini, na Fuensanta kweli akasimama. "Niko hapa tangu saa tatu na robo. Nimewahesabu. Mmeingia ishirini na wawili, na wote nyinyi nilikuwa mbele yenu. Wewe na kofia yako umekuja saa sita. Na wewe mama umekuja saa tano, ukaondoka, ukarudi na chungwa, ukalila lote hapo mbele ya macho yangu. Namba hamna. Mstari hamna. Nikikaa mtasema singoji, nikisimama hamnioni. Nimekuja kumchukua kaka yangu. Saa nane ikifika mnamwaga shimoni kama maji ya deki. Sasa mniambie, kwenye nchi hii mtu afanye nini ndipo aonekane?"

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake, na hakuna aliyeambulia hata neno. Lakini korido nzima ilinyamaza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu asubuhi. Raili akabaki anahema, amejaa aibu mpaka masikioni, barua imekunjamana mkononi.

Fuensanta akamsogelea, akaichukua ile barua taratibu kutoka kwenye vidole vyake. Akaisoma kimoyomoyo. Alipofika katikati akasoma jina kwa sauti, kwa matamshi ya ajabu, lakini ni jina.

"Taisto," alisema. Akageukia mabenchi. "Jamani, ni wa Taisto. Taisto wetu, yule Mfini."

Zilizuka kelele ambazo zile za asubuhi zilikuwa mchezo. Walioko uani wakaingia ndani na sigara zao. Kila mtu alitaka kuiona barua, kila mtu alitaka kumgusa Raili bega. Bibi mmoja mdogo aliyevaa nyeusi tupu akaja mpaka mbele yake, akaunganisha mikono kifuani na kutamka kwa heshima zote tusi zito kabisa la Kifini, lile la mabaharia. Raili alidhani masikio yake yana kasoro. Bibi akalirudia, anatabasamu, kama mtu anayetoa pole. Ni Taisto alikuwa amewafundisha, mpuuzi yule, akawaambia ndiyo salamu ya kwao.

Mzee Eufrasio akawasukuma watu kando kwa fimbo. Akaenda mbele ya mlango, hatua mbili kamili kutoka kwenye kioo, akanyoosha mgongo, mikono ikamganda mapajani. Akaangalia saa. Akakohoa. Akakohoa mara ya pili. Halafu akamgeukia Raili, akanyoosha kidole kuelekea makaburini na kusema, Taisto. Akaonyesha vidole viwili. Siku mbili nzima, alikuwa anamwambia, siku mbili alisimama hivyo hivyo alipofika, palepale, mpaka wenyeji walipomtia akili. Korido ikaangua kicheko. Raili naye akaelewa, bila kuhitaji kaseti.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akaketi benchini, akapiga mguu juu ya mguu, na mkono wake ukafanya mdomo unaofunguka na kufunga, unaofunguka na kufunga, bila kupumzika. Taisto. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wengine wakaziba masikio kwa mzaha. Raili akakataa kwa kichwa. Siyo huyo. Taisto wake hakuwa mtu wa maneno. Taisto wake alipiga simu mara moja kwa mwaka akasema huku jua linawaka, huko je? Akaona labda wamemchanganya na mtu mwingine, na hasira ikaanza kumrudia.

Fuensanta alikuwa anamtazama sana usoni. Akashusha kiganja chini, kwenye urefu wa mtoto mdogo, halafu akamwelekezea kidole yeye.

"Raili?" aliuliza.

Barua haikuwa na jina lake. Ilianza na "kwa ndugu wa marehemu." Raili akaitikia kwa kichwa, na kabla hajajua kinachofanyika mzee Eufrasio, mwenye miaka sabini na ushee, alikuwa amevua koti lake, akalala kifudifudi juu ya vigae. Akajikokota kwa tumbo, kidogo kidogo, kwa uangalifu kama sakafu itavunjika. Akaunyoosha mkono wenye fimbo mbele yake, mpaka ncha ikakaribia viatu vya Raili. Na akaita, kwa sauti ya mvulana aliyeshikwa na hofu: Raili, Raili, shika, shika!

Mwezi wa Aprili, mwaka arobaini na tisa, barafu ya mto Kemi ilipasuka chini ya miguu ya Raili. Alikuwa na miaka minane, Taisto kumi na mitatu. Taisto alilala kwa tumbo juu ya barafu iliyobaki, akamsogezea fimbo ya kutelezea thelujini, akamvuta. Walikausha nguo kwenye ghala la mtu, wakarudi nyumbani kwa chakula. Hawakumwambia mama. Hawakumwambia mtu. Na wao wenyewe kwa wenyewe, miaka thelathini na minane iliyofuata, hawakulitaja hata siku moja. Raili hakuwahi kumwambia asante. Aliamini kaka yake ameshasahau.

Kumbe watu wasiowahi kuona mto umeganda, wakamuaji wa zeituni na wauza mikate, wote kwenye korido ile walikuwa wanaijua hadithi hiyo mpaka mahali pa kuita. Walikuwa wanamtazama, wanangoja. Raili akainama na kuishika ncha ya fimbo kwa mikono miwili, akavuta, na mzee akainuka magotini huku watu wanapiga makofi.

Saa nane kasoro dakika tano Fuensanta na yule mwenye kofia walimsukuma Raili mlangoni, wakamwambia karani maneno yaliyomfanya ashushe miwani na kuketi tena. Faili la kijani likabaki kwa Jumatatu. Karani akamwekea fomu yenye mistari miwili. Raili alilijua neno la mstari wa chini, ndilo alilolikariri njia nzima, treni na ndege na basi: kuondoa. Alishika kalamu juu ya mstari ule muda mrefu. Nyuma ya kioo waliendelea kupiga kelele, na katikati ya kelele jina la kaka yake lilipita mara kwa mara, likifuatwa na vicheko.

Akaweka alama kwenye mstari wa juu. Karani akamwonyesha vidole, kumi, au ishirini? Ishirini.

Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalimuudhi.

"Haya, kaa," alisema kwa Kifini, kwa sauti, na karani akadhani anaambiwa yeye. "Miaka kumi na tatu unanipigia simu kuniambia jua linawaka. Watu baki umewaambia yote. Basi kaa nao hao hao. Nikikurudisha kwetu utanyamaza tena."

Akatia sahihi.